Unguja wanasikika, Morogoro kimya: maswali yenu ya redio ya masafa ya chini

Barua za safari hii nyingi zimetoka Tanga na Bagamoyo, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: wimbi likishatoka kwenye antena, huko juu linapatwa na nini? Tumechagua zinazohusu masafa ya chini ya redio ya ridhaa (ya watu binafsi wanaorusha kwa kupenda, si kwa biashara), yaani bendi za mita 40, 80 na 160 (karibu 7, 3.6 na 1.8 MHz), pamoja na zile mbili za chini kabisa, 472 hadi 479 kHz na 135.7 hadi 137.8 kHz. Tunatanguliza tahadhari moja. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, kwa anga la huko. Ukivifuata neno kwa neno ukiwa nyuzi tano au sita kusini ya ikweta, vitakupotosha, na hasa baada ya magharibi.

SWALI: Wataalamu, salaam. Nina redio ya wati 100 na antena ya wima ya bendi ya mita 80: waya wa mita 20 uliopandishwa kwenye mnazi karibu na ufukwe, na nyaya 16 chini mchangani. Saa nne asubuhi kwenye 3.6 MHz naongea na mwenzangu wa mjini Unguja bila taabu, lakini wa Morogoro hanisikii kabisa. Usiku Morogoro anaingia, ingawa kwa unyonge. Je, ni milima ya Uluguru inayoziba?
— Msomaji wa Dunda, Bagamoyo

JIBU: Uluguru haihusiki, ndugu yetu. Hao wawili unawafikia kwa njia zisizofanana. Kutoka Bagamoyo hadi mjini Unguja ni kama kilomita 45, na karibu zote ni maji ya chumvi, ambayo hupitisha umeme mara mamia hata maelfu kuliko udongo mkavu. Wimbi la wima kama la antena yako hutambaa juu ya bahari bila kuchoka upesi. Wimbi hilo halipandi ionosfia (tabaka za juu za anga zenye elektroni huru, zinazoitwa D, E na F kutoka chini kwenda juu), kwa hiyo mchana na usiku kwake ni sawa. Morogoro ni zaidi ya kilomita 140 za nchi kavu. Huko wimbi la ardhini la 3.6 MHz huishiwa nguvu njiani, na linalobaki ni lile linalopanda juu na kurudi.

Mchana, linalopanda hulazimika kuvuka tabaka D, kati ya kilomita 60 na 90 kutoka ardhini, mara mbili: kwenda na kurudi. Elektroni za tabaka hilo ni chache, lakini hewa bado ni nzito, na kila elektroni inayotikiswa na wimbi lako hugonga molekuli kabla haijarudisha nguvu iliyopewa. Nguvu hiyo inaishia kuwa joto. Masafa yakiwa ya chini, elektroni huyumba kwa upana zaidi katika kila mzunguko na hasara inakua. Kwa makadirio, upotevu kwa desibeli (kila 10 ni mara 10 ya nguvu) hupungua kwa kipeo cha pili cha masafa: (7.1 ÷ 3.6)² ni karibu 3.9. Kwa hiyo ikiwa 3.6 MHz inapoteza desibeli 40, 7.1 MHz itapoteza kama 10. Tofauti ya desibeli 30 ni mara 1,000 ya nguvu. Hakuna amplifaya ya kuifidia. Dawa ni kuhama bendi.

Tena kuna jambo la pili, ndilo linalofanya Morogoro awe mnyonge hata usiku. Kwa umbali huo, wimbi linalorudi kutoka kilomita 300 juu huondoka kwako likiwa na pembe ya nyuzi 76 kutoka usawa wa ardhi, karibu moja kwa moja utosini. Antena ya wima ya robo wimbi hurusha upande huo desibeli 14 pungufu kuliko inavyorusha kwenye upeo wa macho. Ibakize kwa ajili ya Unguja, na kwa Morogoro weka dipoli ya bendi ya mita 40, waya wa pande mbili unaoungwa kebo katikati, iliyotundikwa chini.

Tumia waya wa kawaida wa nyumba wa milimita za mraba 1.5 ukiwa na ganda lake. Kata mita 10.3 kila upande. Itundike mita 6 hadi 8 kutoka chini; usihangaike kuipandisha zaidi, maana kwa kazi hii kimo kikubwa kinapeleka nguvu mbali na utosi. Katikati, kabla kebo ya RG-58 haijaungwa, ipitishe mizunguko 12 ndani ya pete ya feraiti ya mchanganyiko 31 yenye kipenyo cha milimita 61, ili kebo yenyewe isigeuke antena na kuzoa kelele za nyumbani. Halafu pima SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena. Ikiwa inashuka zaidi kwenye 6.9 MHz nawe unataka 7.1, zidisha urefu wa kila upande kwa 6.9 ÷ 7.1: mita 10.3 inakuwa 10.0. Usiwahi mkasi. Kunja sentimita 30 za ncha, uzisokote kwenye waya wenyewe, upime tena. Ukiridhika ndipo ukate. Na kwa kuwa minazi huyumba, hasa wakati wa kusi, funga mwisho mmoja tu. Mwisho wa pili upite kwenye kapi na kuning'iniza debe la mchanga la kilo kama 10, ili mnazi ukienda upande debe lipande na waya usikatike.

Saa ngapi tabaka D linaondoka? Kwa mtu aliye kilomita 80 juu, jua hutua likiwa nyuzi 9 chini ya upeo wa macho wa mtu wa ardhini. Kwetu jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ni kama dakika 36 baada ya kutua. Jua likitua saa kumi na mbili na nusu, saa moja na dakika kumi usiku njia ya mita 80 imeshafunguka. Asubuhi hali hugeuka kwa kasi ileile. Wenzetu wa latitudo za juu hufaidi mapambazuko marefu kwenye bendi za chini. Sisi tunapewa dakika chache, basi uwe umekaa mbele ya redio mapema.

SWALI: Wanafunzi wangu wananiuliza: wimbi linagonga ionosfia na kudunda, au linapinda? Vitabuni linachorwa kama limegonga kioo. Naomba hesabu fupi ya ubaoni kwa mifano ya hapa kwetu.
— Mwalimu wa fizikia, Tanga

JIBU: Mwalimu, kwa mita 40 na 80 linapinda. Kadiri wimbi linavyopanda linakuta elektroni nyingi zaidi, na kipeo cha mpindo cha tabaka (n) kinazidi kushuka chini ya 1. Sehemu ya juu ya wimbi, iliyo ndani ya elektroni nyingi, hutangulia. Ya chini hubaki nyuma. Uso wa wimbi hulala polepole mpaka ukaelekea ardhini. Safari hiyo ya kugeuka inaweza kuchukua makumi ya kilomita.

Ubaoni andika mistari mitatu. Wa kwanza: masafa ya plazma (fp) kwa MHz ni 9 × √(N ÷ 10¹²), N ikiwa idadi ya elektroni katika mita moja ya ujazo. Wa pili: n² = 1 − (fp ÷ f)², f ikiwa masafa ya redio. Wa tatu, ukichukulia dunia ni bapa: wimbi hugeuka pale fp inapofikia f × sin ya pembe ya kupanda.

Sasa waulize kuhusu 7.1 MHz na tabaka F lililo kilomita 300 juu. Tanga hadi Bagamoyo ni kama kilomita 150. Nusu yake ni 75, na 300 ÷ 75 inatoa pembe ya nyuzi 76, ambayo sin yake ni 0.97. Wimbi linahitaji fp ya 6.9 MHz, yaani elektroni 5.9 × 10¹¹ kwa mita ya ujazo. Tanga hadi Mwanza ni kama kilomita 740: pembe ni nyuzi 39, sin ni 0.63, fp inayotakiwa ni 4.5 MHz tu, na elektroni 2.5 × 10¹¹ zinatosha.

Hapo pana jambo ambalo mwanafunzi anaweza kulishuhudia kwa masikio yake. Elektroni za tabaka F huwa chache kuliko wakati wote mwingine karibu na alfajiri, kabla jua halijalifikia tena. Zikishuka hadi, tuseme, 3 × 10¹¹, fp ni 4.9 MHz. Mwanza bado anasikika kwenye 7.1 MHz, ilhali Bagamoyo, aliye karibu mara tano zaidi, amepotea: wimbi linalopanda karibu wima limetoboa na kwenda zake angani. Wengi hudhani redio imeharibika. Shuka 3.6 MHz na Bagamoyo atarudi. Kwa kazi ya nyumbani wape Dodoma, kilomita 390. Jibu ni fp ya kama 6 MHz na elektroni 4.4 × 10¹¹.

Ukishuka hadi 137 kHz, mchoro wa kioo unaanza kuwa kweli. Urefu wa wimbi hapo ni kilomita 2.2. Chini ya ionosfia elektroni huongezeka mara nyingi ndani ya kilomita chache tu, kwa hiyo wimbi halipati nafasi ya kupinda taratibu. Linakutana na mpaka na kuakisiwa, kwenye kilomita kama 70 mchana na 90 usiku. Ile ya 475 kHz iko katikati: mchana tabaka D linaimeza, usiku hurudishwa na sehemu ya chini ya tabaka E.

SWALI: Kuanzia kama saa mbili usiku, hasa Machi na Aprili, sauti za watu kwenye mita 40 zinatetemeka kama za mtu anayeongea mbele ya feni, na FT8, mtindo wa kutuma ujumbe mfupi kwa toni za kompyuta, inakataa kusoma hata stesheni zenye nguvu. Nimebadilisha kebo na konekta, hali ni ileile. Kulikoni?
— Fundi umeme, Raskazone, Tanga

JIBU: Kebo yako haina kosa, na konekta pia, fundi. Unachosikia ni mawimbi yanayotawanywa na tabaka F lililochafuka. Booker na Wells waliueleza mtawanyiko huu mwaka 1938 kwa vipimo vya Huancayo, Peru, mji ulio karibu na ikweta ya sumaku. Sisi tumekaa mahali pabaya zaidi kwa hilo kuliko watu wengi wa dunia, na inafaa kujua kwa nini.

Ikweta ya sumaku haipiti Kenya kama ile ya ramani; upande huu wa Afrika inapita Ethiopia, karibu nyuzi 9 kaskazini. Mchana, umeme wa asili ulioko angani huinua elektroni juu ya mstari huo, kisha zinateleza kufuata mistari ya sumaku na kurundikana kama nyuzi 15 upande wa kaskazini na 15 upande wa kusini. Edward Appleton alilieleza rundo hili pacha mwaka 1946. Ukihesabu nyuzi 15 kusini kutoka Ethiopia ya kati unafika pwani ya Tanga na Bagamoyo. Rundo la kusini liko juu ya vichwa vyetu. Ndilo linalotupa mita 40 yenye nguvu hata baada ya giza kuingia, saa ambazo kwingine bendi hiyo imeshafunga kwa umbali mfupi.

Ubaya wake unakuja jua likitua. Tabaka la chini linafifia haraka, umeme wa angani unaongezeka ghafla kwa muda mfupi, na tabaka F juu ya ikweta ya sumaku linanyanyuliwa juu. Hapo elektroni nyingi zinakuwa juu ya eneo lenye chache, kama maji yaliyowekwa juu ya mafuta, na hali hiyo haidumu: mapovu matupu yanachomoza kutoka chini, yanapanda mamia ya kilomita, na kurefuka kaskazini na kusini kwa kufuata mistari ya sumaku mpaka yanatufikia. Kuta za mapovu hayo zina mikunjo ya kila ukubwa. Wimbi lako, badala ya kurudi kwa njia moja, linarudi kwa njia nyingi, kila moja na kasi yake. Machi–Aprili na Septemba–Oktoba ndiyo misimu yake mikubwa, kwa sababu mstari wa machweo unakuwa umelingana vizuri na mistari ya sumaku. Kwa kawaida hupungua baada ya saa sita usiku.

Sasa hesabu ya FT8. Mwangwi ukitoka kwenye kipande cha tabaka kinachosogea kwa mita 100 kwa sekunde, masafa yanahama kwa 2 × 100 × 7,100,000 ÷ 300,000,000, ambayo ni karibu Hz 4.7. Kimoja kikija kwako na kingine kikienda zake, mtawanyiko ni Hz 9.5. Toni za FT8 zimeachana kwa Hz 6.25 tu, kwa hiyo zinamwagikiana, na kuongeza nguvu hakusaidii kitu. WSPR, mtindo mwingine wa toni za kompyuta, ni mbaya zaidi, maana toni zake zimeachana kwa Hz 1.46. Kwenye 3.6 MHz mtawanyiko huohuo unakuwa Hz 4.8, na FT8 hupita mara nyingi. Kwa hiyo usiku wa namna hiyo shuka mita 80, au tumia Morse ya mkono kwa maneno 12 hivi kwa dakika. Sikio la binadamu linavumilia mtetemo huu kuliko programu. Au subiri saa saba usiku.

Mapovu hayahaya huvuruga GPS. Wapima ardhi wa Tanga wanaotumia vipimo vya usahihi wa sentimita wafanye kazi zao mchana katika miezi hiyo.

SWALI: Nataka kusikiliza 472 kHz usiku. Sina kiwanja cha kuweka antena kubwa, na nyumba za jirani zina taa za LED na sola. Inawezekana? Na kurusha je?
— Dada mpenzi wa redio, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Inawezekana, dada, na kwa kusikiliza kitanzi kidogo ni bora kuliko waya mrefu, kwa sababu unaweza kukigeuza kikazikwepa kelele.

Tengeneza msalaba wa mbao wenye mikono ya mita 1.41 kutoka ncha hadi ncha. Ncha nne zitakupa mraba wa mita 1 kila upande. Kila ncha chonga mikato 10, sentimita 1 kati ya mmoja na mwingine. Zungusha waya mizunguko 10, jumla mita 40. Kitanzi hicho kina mikrohenri 240 hivi. Ili kisikilize 475 kHz kinataka pikofaradi 470 kwa jumla: chukua kapasita ya kuzungusha kutoka redio kuukuu ya mawimbi ya kati, yenye sehemu mbili za pikofaradi 365, uziunge sambamba. Pamoja na kile kidogo kinachojificha kwenye waya wenyewe, utaweza kutafuta kuanzia kama 370 hadi 1,150 kHz. Ndani ya kitanzi zungusha mzunguko mmoja wa waya mwingine usiogusana na wa kwanza; huo ndio unaokwenda kwenye kebo na redio. Ukitaka 137 kHz baadaye, ongeza kapasita za pikofaradi 4,700 na 560 sambamba na ile ya kuzungusha.

Jaribu kwanza na stesheni ya mawimbi ya kati. Ukizungusha kapasita, sauti inapaswa kuruka ghafla mahali pamoja pembamba sana, upana wa unywele kwenye kishikio. Isiporuka, mara nyingi ni kutu kwenye sahani za kapasita au mguso mbaya wa risasi. Halafu hamia 518 kHz usiku, masafa ya kimataifa ya Navtex yanayotoa tahadhari kwa mabaharia, na minara ya kuongozea ndege inayojitaja kwa Morse kati ya 190 na 535 kHz. Ukizipata hizo, pokezi lako ni zima. Kwa WSPR weka redio kwenye 474.2 kHz, ukanda wa juu (USB), na saa ya kompyuta isipishane na UTC, saa ya kimataifa, kwa zaidi ya sekunde moja. Kila urushaji huanza dakika ya shufwa na huchukua sekunde 110.6. Hapa usiogope yale mapovu tuliyomweleza fundi: 475 kHz hurudi kutoka kilomita kama 100, chini kabisa ya fujo hiyo. Mruko mmoja kutoka kimo hicho haupiti kilomita 2,200 hivi.

Kuhusu kelele, washa redio kwa betri ya volti 12, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikishuka, chanzo ni chako: rudisha vifaa kimoja kimoja. Isiposhuka, geuza kitanzi taratibu; elekeza ubavu wake bapa, siyo ukingo, kwenye chanzo na utaisikia ikizama. Kontrola ya sola ya jirani huwa kimya usiku maana paneli hazizalishi, bahati nzuri saa zako ndizo hizo. Inverta ndiyo yenye ukorofi. Radi haina dawa ya kitanzi peke yake. Bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na mikwaruzo yake husafiri usiku kwa njia ileile inayoleta stesheni. Masika yakishapita, Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ya kufanya kazi hii.

Kurusha ni habari nyingine. Kwanza soma leseni yako au uulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kama bendi hiyo imo. Mkutano wa kimataifa wa mwaka 2012 uliipa redio ya ridhaa 472–479 kHz kwa kikomo cha kawaida cha wati 1 ya EIRP (nguvu inayorushwa, ikihesabiwa kana kwamba antena inarusha sawa pande zote), lakini anayeruhusu ni nchi. Pili, robo wimbi hapo ni mita 158. Nguzo ya mita 12 yenye nyaya za kutosha juu ina ukinzani wa kurusha wa omu 0.57 tu, huku hasara za ardhi na koili zikifika omu 40 kwa urahisi. Ufanisi ni asilimia 1.4, na ili upate wati 1 ya EIRP utahitaji wati 24 kwenye antena. Zinaonekana chache, lakini kwa antena ya pikofaradi 220 koili ya kuifidia ni mikrohenri 500 hivi, na juu yake panatokea zaidi ya volti 1,000. Waya huo usifikiwe na mkono wa mtoto, wala usiguse jani la mnazi. Jani bichi likigusa ncha ya juu linaungua.

SWALI: Kwenye mita 160 usiku natafuta stesheni za mashariki, ng'ambo ya bahari. Nimeambiwa antena ya wima pembeni ya maji ya chumvi haina mpinzani. Mbona siwapati?
— Mzee wa Pangani

JIBU: Shikamoo mzee. Ushauri huo ni sahihi kwa Ulaya. Huku una walakini. Sumaku ya dunia hulipasua wimbi mapande mawili ndani ya ionosfia, na karibu na masafa ambayo elektroni huzunguka mistari ya sumaku, pande moja humezwa zaidi. Kwetu masafa hayo ni 0.8 hadi 0.9 MHz, kwa hiyo 1.8 MHz inaguswa sana. Pwani yetu mistari ya sumaku imelala kuliko ya Ulaya, na imeelekea kaskazini–kusini. Wimbi la wima linalokwenda mashariki au magharibi huikata mistari hiyo, na sehemu kubwa ya nguvu yake huangukia pande linalomezwa. Wimbi lililolala sambamba na mistari ndilo linalopona.

Usibomoe ulichonacho. Geuza antena iwe ya umbo la L iliyopinduliwa: mita 12 hadi 15 za kupanda, na zinazobaki hadi mita 40 zilale zikinyooshwa kaskazini–kusini. Linganisha usiku mmoja kwa mwingine na ile ya wima. Kwa stesheni za kaskazini na kusini, ya wima kando ya maji bado ni nzuri.

SWALI: Juzi saa saba mchana bendi zote zilinyamaza ghafla kwa karibu saa nzima, kisha zikarudi zenyewe.
— Msomaji wa Muheza

JIBU: Dalili hizo ni za mlipuko juani. Miale yake ya eksirei hufika duniani kwa dakika 8 na kulinenepesha tabaka D upande wa mchana pekee; pale jua lilipo utosini, kama kwetu saa saba, pigo ni kubwa zaidi. Masafa ya juu hurudi kwanza, ya chini mwisho. Ikitokea tena, jaribu 21 au 28 MHz kabla hujafungua redio kwa bisibisi.

SWALI: Kumbukumbu zangu za mawasiliano hazilingani na za wenzangu wa nje. Naandika saa zetu za Kiswahili.
— Kijana wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Andika UTC. Saa ya mchana ongeza 3: saa nne asubuhi ni 07:00. Saa ya usiku ongeza 15, na ikizidi 24 toa 24: saa tatu usiku ni 18:00, saa kumi alfajiri ni 01:00. Angalia tarehe: kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, UTC bado iko jana.

SWALI: Tanga katani ni tele. Kamba yake inafaa kushikilia ncha za antena bila kizuizi cha plastiki?
— Msomaji wa Ngamiani

JIBU: Kushikilia, ndiyo, kwa muda, kuzuia umeme, hapana. Katani hunywa maji, na kamba ya pwani imejaa chumvi, hivyo asubuhi yenye umande inapitisha umeme. SWR itahama kila ukilinganisha alfajiri na mchana, utafute kosa mahali ambapo halipo. Ncha ya waya ndipo volti ilipo kubwa. Weka pale kipande cha sentimita 15 cha bomba nene la plastiki chenye matundu mawili, ndipo ufunge kamba. Katani hurefuka na kufupika kwa unyevu na huoza kwenye fundo, kwa hiyo ifungue kila baada ya masika uitazame ndani. Ikiwa nyeusi, ibadilishe. Kamba ya poliesta hudumu zaidi juani kuliko nailoni. Na konekta ya nje izungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko ulalie ule wa chini yake na maji ya mvua yateremke bila kuingia.